Umesahau neno la siri la laptop ya zamani? Usikimbilie kupiga Windows

Mwezi uliopita dada yangu mkubwa alitoa laptop kabatini, kwake Tabata, akaipangusa vumbi kwa kipande cha kanga, akachomeka chaja na kuiwasha. Ilikuwa imelala humo tangu mwaka 2020. Jina lake likatokea kwenye skrini, picha yake ya mahafali ikatokea, na chini yake kikaja kile kisanduku kinachodai neno la siri. Akaandika, ikakataa. Akaandika jingine, ikakataa tena. Jioni akanipigia simu: "Mdogo wangu, kesho naipeleka Kariakoo ikapigwe Windows." Yaani ifutwe yote na kuwekwa upya Windows, mfumo unaoiendesha laptop.

Nikamuuliza swali ambalo fundi mzuri huliuliza kabla hajashika bisibisi: "Dada, unataka laptop, au unataka vilivyomo?"

Akanyamaza kidogo. Vilivyomo ni picha za marehemu baba yetu, na video moja ya Idi ambayo mzee anasikika akiwaita wajukuu waje kula. Laptop yenyewe sasa hivi haina bei ya maana. Lakini kama angeipeleka kama alivyopanga, angerudi nyumbani na laptop safi, inayowaka vizuri, isiyo na baba ndani yake.

Nimeona jambo hili likitokea kwa jirani, mwanafunzi aliyepoteza utafiti wake wote. Alimwambia fundi "nitolee password" na fundi akafanya njia ya haraka kuliko zote: akafuta kila kitu na kuweka Windows upya. Fundi hakuwa mwizi wala mjinga. Aliambiwa atoe neno la siri, akalitoa. Tatizo ni kwamba maneno "nimesahau password" yanabeba matatizo kama matatu tofauti, kila moja na dawa yake, na dawa ya moja ni sumu kwa jingine. Ndiyo maana naandika haya.

Kufuli tatu, si moja

Neno la siri, au nywila kama linavyoandikwa vitabuni, ni maneno au tarakimu unazotumia kuithibitishia kompyuta kwamba wewe ndiye mwenyewe. Akaunti ni jina unaloingilia, lenye mafaili na mipangilio yake. Diski ni kifaa kilichomo ndani ya laptop ambako mafaili hukaa hata umeme ukikatika. Shika haya matatu, mengine yatafuata.

Sasa fikiria nyumba ya kupanga, ya kule Manzese au Temeke. Kuna geti la nje. Ukishapita geti kuna korido, na kila mpangaji ana mlango wake wenye kufuli. Ndani ya chumba chako kuna vitu vyako, zikiwemo barua. Laptop nayo iko hivyo hivyo.

Geti ni neno la siri la BIOS. BIOS ni programu ndogo inayoamka kwanza kabisa, kabla ya Windows, na kuziamsha sehemu nyingine. Ukiona umeulizwa neno la siri kwenye skrini nyeusi au ya rangi moja, kabla hata nembo ya Windows haijaonekana, umesimama getini. Watu wachache huweka kufuli hii wenyewe. Mara nyingi utaikuta kwenye laptop za mitumba zilizotoka kwenye ofisi za Ulaya, ambako kampuni iliiweka na haikuitoa.

Mlango wa chumba ni neno la siri la akaunti ya Windows. Hapa unaona jina lako, picha yako na kisanduku. Wengi wanaosema wamesahau wamekwama hapa.

Ya tatu haifanani na kufuli za kawaida, na ndiyo inayowachanganya watu kuliko zote. Ni usimbaji wa diski. Chukua mfano wa mpangaji ambaye, mbali na kufunga mlango, barua zake zote kaziandika kwa fumbo analolijua yeye tu. Hata ukipita dirishani na kuzibeba, huwezi kuzisoma. Kwenye Windows kazi hii hufanywa na BitLocker, na ukikwama hapo utaona skrini ya bluu inayodai ufunguo wenye tarakimu 48. Ukiona skrini hiyo, usiruhusu mtu afute chochote mpaka ufunguo utafutwe. Nitarudi huko.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: kufuli ya mlango peke yake haifichi vitu vilivyomo chumbani. Kama diski haijasimbwa, inaweza kuchomolewa, ikawekwa kwenye kava lenye waya wa USB, ikachomekwa kwenye kompyuta nyingine, na folda ya picha ikafunguka bila neno la siri hata moja. Dirisha halina nondo. Kwa mtu aliyesahau neno la siri hii ni habari njema kweli kweli. Kwa mtu aliyeibiwa laptop ni habari mbaya kwa kiasi kile kile.

Kwa hiyo kama unachotaka ni mafaili, na laptop ni ya zamani, huenda huhitaji kufungua mlango kabisa. Mwambie fundi hivi, kwa maneno haya haya: "Nitolee mafaili kwenye diski kwanza, usipige Windows." Atafungua folda iitwayo Users, ndani yake ataona jina la akaunti yako, na humo ndimo zilimo picha, nyaraka na vile ulivyopakua. Usiache kumwambia aangalie pia vitu ulivyoweka kwenye skrini ya mwanzo (desktop). Wengi wetu tunatupia kila kitu pale. Laptop nyembamba za bei nafuu wakati mwingine hazina diski ya kuchomoa, hifadhi yake imechomelewa kwenye bodi. Hapo fundi huiwasha laptop kwa flashi yenye mfumo mwingine, kama Ubuntu, bila kuuingiza ndani, na kunakili mafaili kutoka huko.

Nani anaishika siri yako?

Turudi mlangoni, kwa sababu hapa kuna tofauti kubwa ambayo skrini haikuelezi vizuri.

Simu yako ina namba ya kufungulia skrini, na ina namba ya siri ya kutolea pesa. Ukisahau ya skrini, kampuni ya simu haiwezi kukusaidia, kwa sababu haijawahi kuijua. Iko ndani ya simu tu. Ukisahau namba ya siri ya pesa, unapiga huduma kwa wateja, unathibitisha kwamba ni wewe, unaweka mpya. Hiyo inashikwa na kampuni, huko kwao.

Akaunti za Windows nazo ni za aina hizo mbili. Akaunti ya ndani inaishi kwenye laptop yako peke yake. Akaunti ya Microsoft inaingia kwa baruapepe, na neno lake la siri linashikwa na Microsoft wenyewe, watengenezaji wa Windows. Aina hii ya pili ilikuja na Windows 8 mwaka 2012, hivyo kompyuta ya Windows 7 au XP haina mjadala, ni akaunti ya ndani. Kwenye Windows 10 na 11 andika neno lolote lisilo sahihi, kisha soma ujumbe unaotokea. Ukitaja akaunti ya Microsoft, basi ni ile ya pili, na unaweza kubadilisha neno la siri ukiwa na simu yako tu, kwenye ukurasa wa account.live.com/password/reset.

PIN ni kitu kingine tena. Ile ya tarakimu nne au sita inafanya kazi kwenye laptop hiyo moja na haitoki humo. Mtu anaweza kusahau PIN huku neno la siri analikumbuka vizuri tu. Chini ya kisanduku kuna maneno ya kuchagua njia nyingine ya kuingia. Yabonyeze kabla ya kukata tamaa.

Kwa akaunti ya ndani njia ni chache zaidi. Kuanzia toleo la Windows 10 la mwaka 2018, mtu anayefungua akaunti ya ndani huulizwa maswali matatu ya usalama, kama jina la mji waliokutana wazazi wake. Ukikosea neno la siri mara moja, kiungo cha kuyajibu kinatokea. Bila maswali hayo, fundi anaweza kuliondoa neno la siri kwa flashi maalumu. Hapo inabidi ujue kinachotokea kwa undani kidogo.

Watu huniuliza: "Kwa nini fundi asiisome tu password iliyomo akanitajia?" Kwa sababu haimo. Siku ulipoweka neno la siri, Windows haikuliandika mahali. Ililitwanga. Neno linaingia kinuni, unatoka unga, na kinachohifadhiwa ni unga. Ukirudi kesho ukaandika neno lile lile, linatwangwa tena kwa namna ile ile, na unga mpya unalinganishwa na uliohifadhiwa. Ukifanana chembe kwa chembe, mlango unafunguka. Lakini unga haurudi kuwa mahindi. Mtu anaweza kubahatisha, akatwanga maneno maelfu kwa maelfu mpaka apate unga unaofanana, na kwa neno fupi kama 123456 hilo ni kazi ya muda mfupi sana. Kulisoma moja kwa moja, hapana.

Anachofanya fundi, basi, ni kumwaga unga wa zamani na kuweka mwingine. Utaingia, na picha zako utazikuta. Ila kuna vitu vichache ambavyo Windows ilivifunga kwa kutumia neno lako la zamani: maneno ya siri ya tovuti uliyoyahifadhi kwenye kivinjari kama Chrome, na mafaili uliyochagua mwenyewe kuyasimba kwa kipengele cha Windows kiitwacho EFS. Hivyo hubaki vimefungwa. Kama unavihitaji, kumbuka kwanza, lazimisha baadaye.

Tulivyofanya Tabata

Jumamosi nikaenda. Tulikaa mezani, laptop ikiwa imechomekwa ukutani muda wote, maana betri yake ilishakufa. Nilianza na kitu ambacho watu hukiruka: kibodi. Laptop iliyokaa miaka kwenye joto na unyevu wa Dar huwa na vitufe vilivyokufa. Kwenye kisanduku cha neno la siri kuna alama ya jicho; ukiishikilia inakuonyesha ulichoandika. Dada aliandika neno lake, nikashikilia jicho, na tukaona herufi moja haipo. Kitufe cha "m" kilikuwa hakishiki mpaka ukikandamize kwa nguvu. Alikuwa ameandika neno pungufu mara zote alizojaribu. Kwenye kona ya skrini ile ile kuna alama ya huduma za walemavu, na humo kuna kibodi ya kubonyeza kwa kipanya. Tukaitumia hiyo.

Ikakataa tena.

Safari hii nikamwambia tusome ujumbe wote, uko kwa Kiingereza na ni mrefu, ndiyo maana hausomwi. Ulisema kompyuta haiko mtandaoni, tafadhali ingiza neno la siri la mwisho lililotumika kwenye kifaa hiki. La mwisho lililotumika hapa! Dada alikuwa amebadilisha neno la siri la Microsoft mwaka 2022 akiwa kwenye simu, na alikuwa anaandika lile jipya. Laptop ilikuwa kabatini wakati huo. Haikupata habari hizo. Yeye lile la 2020 hakulikumbuka hata kidogo.

Dawa ilikuwa kuiunganisha laptop na intaneti ili iulize Microsoft. Nikawasha hotspoti ya simu yangu, nikabonyeza alama ya mtandao pale pale kwenye skrini ya kuingilia, ikaunganika. Dada akaandika neno jipya. Ikakataa.

Tulitazamana. Kisha nikaona saa kwenye skrini: Januari 2013.

Ndani ya kompyuta nyingi kuna kibetri cha duara, mfano wa shilingi, kinachoiwezesha saa kutembea hata mashine ikiwa imezimwa. Kikifa, tarehe hurudi nyuma. Na kompyuta ikizungumza na tovuti kwa njia salama huangalia vyeti vya utambulisho vyenye tarehe ya kuanza na kuisha. Kwa laptop inayoamini iko mwaka 2013, kila cheti cha leo hakijaanza kutumika, kwa hiyo inakataa kuzungumza. Tukaiwasha upya, tukaingia BIOS kwa kitufe cha F10, kwa nyingine ni F2 au Delete, tukaweka tarehe na saa ya siku ile. Hotspoti tena. Neno jipya tena, "m" kwa kipanya.

Yanayosemwa vijiweni

Kibetri hicho hicho ndicho chanzo cha imani moja inayozunguka sana: "Chomoa betri ya duara, password inafutika." Kwenye kompyuta za mezani za zamani hilo ni kweli kwa kufuli ya getini, ile ya BIOS. Laptop nyingi huliweka neno hilo kwenye chipu isiyohitaji umeme, kwa hiyo utafungua mashine bure. Na kwa neno la siri la Windows kibetri hakina uhusiano wowote. Hilo liko kwenye diski.

Nyingine: "Bonyeza F8, ingia safe mode, utapita bila password." Safe mode ni Windows kuwaka na vitu vya lazima tu, na imani hii ina mizizi ya kweli. Kwenye Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, kulikuwa na akaunti ya Administrator iliyojificha, mara nyingi bila neno la siri, na ilionekana kwa njia hiyo. Tangu Windows Vista akaunti hiyo huja imezimwa. Waliojifunza ufundi zamani bado wanaisimulia kwa nia njema.

"Ukikosea mara nyingi laptop inajifuta." Windows ya nyumbani haifuti mafaili kwa kukosea. Itakusubirisha, au itakutaka uiwashe upya. Jaribu kwa utulivu, ukiandika kwenye karatasi kila neno ulilokwisha kulijaribu.

Halafu zipo zile programu za bure za "kufungua laptop yoyote" zinazosambazwa kwa viungo visivyojulikana. Hizi naziogopa kweli. Unachukua programu ya mtu usiyemfahamu, unaipa ruhusa ya kuwasha mashine yako na kugusa diski yote. Ni sawa na kumwita mpita njia aje avunje kufuli, kisha umwache chumbani peke yake.

Sasa ufunguo wa tarakimu 48. Kwa laptop za karibuni, hasa zenye Windows 11, usimbaji mara nyingi hujiwasha wenyewe mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, bila yeye kujua. Ufunguo huwekwa kwenye akaunti hiyo hiyo, na unauona kwa kuingia aka.ms/myrecoverykey kwa simu au kompyuta nyingine. Kama haupo huko, haupo kwenye karatasi uliyochapisha, wala ofisi iliyokupa laptop hiyo haina, basi mafaili hayo hayasomeki tena, na hakuna fundi wa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, wala wa London mwenye ufunguo wa akiba. Atakayekuambia anao, usimpe pesa. Kompyuta za Mac nazo zina usimbaji wao, FileVault, wenye akili hiyo hiyo: neno la siri, au ufunguo wa dharura, au akaunti ya Apple, vinginevyo ni kufuta.

Yote haya yanategemea akaunti kuwa hai. Microsoft wana haki ya kuifunga akaunti isiyoingiwa kwa miaka miwili. Na ukitaka kubadilisha neno la siri, msimbo hutumwa kwenye namba ya simu au baruapepe uliyoandikisha, pengine ile laini uliyoitupa zamani. Kama laini bado ni yako kwa jina, nenda ukairejeshe kwa namba yako ya kitambulisho cha taifa (NIDA) kwanza. Ukilazimika kubadilisha taarifa zote za usalama kwa mpigo, Microsoft hukusubirisha siku 30, muda ambao mwenye akaunti halisi anaweza kupinga kama si wewe.

Fundi akikuuliza risiti au uthibitisho kwamba laptop ni yako, usikasirike. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 inafanya kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini kuwa kosa, na yeye ndiye anayeshika bisibisi. Na kabla ya kununua laptop ya mtumba, iwashe mbele ya muuzaji, ingia BIOS, hakikisha haina geti la mtu mwingine.

Pale Tabata duara dogo lilizunguka kwenye skrini, muda mrefu kuliko nilivyopenda, huku dada akiwa ameshika waya wa chaja kwa mkono mmoja usije ukachomoka. Kisha skrini yake ya zamani ikafunguka, na mafaili yake yametawanyika kila mahali. Hakufungua picha hata moja. Aliniambia, "Nakili kwanza," akanisogezea flashi. Ilipofika asilimia mia ndipo alipoitafuta ile video ya Idi, akaongeza sauti, akawaita watoto waje wamsikie babu yao.